Ganda la Sita

Risasi tano hazizai maganda sita. Hesabu hiyo haihitaji cheti cha chuo, na Inspekta, ambaye cheti alikuwa nacho, aliipiga mara tatu kwa vidole vyake mwenyewe, amesimama mbele ya meza ya ghala la silaha. Mara zote tatu ilimpa jibu lile lile la kuudhi.

Mezani palikuwa na kibao cha mbao chenye matundu matano. Ndivyo walivyofanya kazi katika uwanja huu wa shabaha: kila kadeti alipewa kibao chake kikiwa na risasi tano, na kila alipopiga moja alirudisha ganda lake kwenye tundu lile lile ilimotoka. Mwisho wa zamu mkufunzi hakuhitaji kuuliza. Alitazama matundu. Tundu tupu maana yake kuna mtoto anatembea na kitu mfukoni.

Kibao cha nafasi ya nne hakikuwa na tundu tupu. Maganda matano yalikaa humo, yamejipanga kama meno. Na kando yake, ndani ya bahasha ya vielelezo, lilikuwepo la sita, lililotolewa kwenye bunduki ya nafasi hiyo hiyo ya nne baada ya mlio ambao haukupaswa kulia.

Mlio huo, asubuhi ya Jumamosi, ulimkuta mtunza shabaha akipita uwanjani na ndoo yake ya gundi. Risasi ilipita kwenye nyama ya mkono wa kushoto ikaacha mfupa. Ingesogea shibiri moja, Inspekta asingekuwa anahesabu maganda. Angekuwa anahesabu yatima.

"Ni jambo rahisi, Inspekta," alisema mkufunzi mkuu. Makadeti walimwita Kanuni, naye alilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye kitambulisho. Viatu vyake viling'aa kiasi kwamba ungeweza kuchania nywele mbele yake. "Matano ni ya Jumamosi. La sita ni la risasi aliyoificha wiki iliyopita. Mtoto ameiba risasi, kaiweka kwenye bunduki, ikamponyoka."

"Wiki iliyopita vibao vilirudi vimejaa?"

"Vyote. Miaka ishirini na miwili vibao vyangu vinarudi vimejaa."

"Basi aliiba kutoka wapi?"

Kanuni alipapasa kifua chake, kama mtu anayetafuta miwani, akauteremsha mkono. "Watoto wa siku hizi wana njia zao."

"Wana njia zao, lakini hawaoti risasi kama chunusi."

Nje, kamba ya bendera iligongagonga mlingoti wa chuma, ko, ko, ko, bila kuchoka. Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na nusu. Saa sita kamati ya makadeti ingekaa na kumfukuza msichana wa miaka kumi na sita, kisha faili lake lingepelekwa mahakama ya watoto: wizi wa risasi na kujeruhi. Wizi wa risasi peke yake ulitosha kumpeleka shule ya marekebisho mpaka atimize miaka kumi na minane. Na msichana mwenyewe alikuwa amekwisha kukiri. Karatasi ya maelezo ilikuwa pale pale mezani, imesainiwa.

"Huu mwandiko ni wake?"

"Ni wangu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Alisema, nikaandika, akasaini."

"Ulimwandikia na 'hivyo basi'?" Inspekta aliinua karatasi. "Mtoto wa kidato cha tatu, analia, akasema 'hivyo basi nilighafilika'?"

"Nilinyoosha lugha."

"Umeinyoosha sana." Aliirudisha mezani. "Karatasi yake ya shabaha iko wapi?"

Polisi wa kwanza kufika walikuwa wameibandua wakaiviringisha. Aliikunjua juu ya meza, akaikandamiza kwa viganja. Matundu manne, yote ndani ya duara jeusi ambalo kifungo cha koti kingeweza kulifunika.

"Nne," alisema.

"Moja ilipotea. Hutokea."

"Mtoto anayeweza kupiga nne hapa akakosa karatasi nzima?"

"Hutokea," alirudia Kanuni, na mkono wake ukapanda tena kifuani, ukakuta hakuna kitu, ukashuka.

"Nani aliitoa bunduki ilipokuwa baada ya mlio?"

"Mimi. Nilikuwa wa kwanza kuifikia. Bolti imefungwa, kibendera cha njano kiko chini juu ya turubai. Kila kadeti anapomaliza anafungua bolti, anachomeka kibendera kwenye chemba ili risasi isiweze kuingia, ndipo anarudi nyuma ya mstari mweupe. Yeye hakuchomeka. Na alikuwa wa mwisho kuuvuka mstari, muulize yeyote. Alisema alikuwa anafunga kamba za viatu."

"Na watoto wengine ishirini na tisa waliona nini?"

"Hakuna." Kanuni aliinua kidevu. Hapo palikuwa mahali pa fahari yake. "Wakati wa kubadilisha karatasi, kadeti anaipa bunduki mgongo. Anayegeuka anaondoka uwanjani. Hiyo nimeianzisha mimi. Asiyeiona bunduki hawezi kuigusa."

Inspekta alipiga hesabu nyingine. Mashahidi ishirini na tisa, na hakuna jicho hata moja. Uwanja mzuri sana wa kufanyia kosa.

Simu yake ilitetemeka. Ujumbe wa kitinda mimba wake: *Mama, funguo ziko wapi?* Alijibu huku akitembea: *Pale pale zinapokaa kila siku.*

Mtunza shabaha aliitwa Gundi. Inspekta alimpigia hospitali akiwa anatembea juu na chini kwenye mstari mweupe, maana kukaa hakukumwezekana tangu asubuhi.

"Mkono upo," ilisema sauti ya Gundi. "Daktari ananiambia nisiutumie. Nimemwuliza, sasa nitumie wa nani?"

"Baba, Jumamosi ulitoka kwenye kibanda kwa nini?"

"Kwa sababu kipenga kililia. Mara mbili. Kikilia mara moja nabaki ndani ya zege langu, kikilia mara mbili natoka na ndoo yangu. Miaka kumi na mitano."

"Nani alipuliza?"

"Kanuni. Nani mwingine?"

"Ulimwona?"

"Mama, kipenga hakionekani. Kinasikika." Alikohoa. "Usimtie mtoto yule matatani. Sindano ndiye pekee anayeniambia pole na kazi. Kama ni kutaka kunipiga, angenipiga. Hakosi yule."

"Nani angetaka kukupiga?"

Gundi alicheka mpaka akaumia. "Ukimwondoa mke wangu? Labda Koplo. Namtania kidogo."

"Unamtaniaje?"

"Namwita Koplo wa Milele. Kashindwa mtihani wa kupanda cheo mara mbili. Jumamosi asubuhi nilimwambia akishindwa mara ya tatu tutamjengea sanamu."

Koplo, mkufunzi msaidizi, alikuwa nje ya ghala akipitisha kitambaa ndani ya mtutu wa bunduki ambao tayari ulikuwa msafi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye shingo nene na macho ya mtu aliyelala vibaya. Inspekta alimwendea moja kwa moja.

"Gundi alikwambia watakujengea sanamu."

Koplo aliacha kusugua. "Alisema mbele ya makadeti."

"Ikakuchoma."

"Ingekuchoma hata wewe, Afande."

"Ulikuwa wapi risasi ilipolia?"

"Kwenye sanduku la risasi. Nafasi ya kwanza."

"Unatazama wapi?"

"Mlingotini. Napandisha bendera ya kijani."

"Kwa hiyo wewe hukugeuza mgongo kama watoto. Ungeweza kutembea hatua kumi mpaka nafasi ya nne na hakuna ambaye angekuona."

Jasho lilimtoka Koplo juu ya mdomo, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Alifunga kifungo cha juu cha shati lake, ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Kwenye shingo, chini ya ukosi, Inspekta aliona uzi mweusi ukizama ndani ya shati.

"Sikuigusa bunduki," alisema Koplo. "Naapa kwa mama yangu."

"Mwache mama yako apumzike. Kuna kitu unanificha, na ninacho kidogo sana cha kukupa leo, hasa muda. Ukiamua kusema, niko darasani."

Alimwacha na kitambaa chake. Mtu aliyechukia, mwenye nafasi, anayetoka jasho: faili la Koplo lingejazwa kwa dakika kumi. Lakini kumchukia mtu hakuongezi ganda kwenye kibao, na kilichokuwa kikimkera Inspekta bado ni ile sita.

Njiani alipita ubao wa sheria uliopakwa rangi nyeupe. Sheria kumi na moja, kwa herufi ambazo hata mwenye mtoto wa jicho angezisoma. Ya mwisho ilisema kila mtu, kadeti na mkufunzi, kabla ya kuondoka uwanjani atageuza mifuko nje, atanyoosha viganja na kutamka: Sina risasi, sina ganda, sijaacha kitu kwenye mtutu. Aliisoma mara mbili, akaenda zake.

Darasani, msichana waliyemwita Sindano alikuwa amekaa wima kwenye dawati, mwembamba kama jina lake, mikono mapajani. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa ametoka kazini hivyo hivyo na hakukumbuka kuivua.

"Shikamoo, Afande," alisema msichana.

"Marahaba, mwanangu. Umeiba risasi?"

Msichana alimtazama mama yake.

"Usimtazame mama. Mimi nina watoto watatu, najua mtoto anayemtazama mama anatafuta nini. Umeiba?"

"Nimesaini."

"Sikuuliza umesaini nini."

Kamba ya bendera, ko, ko. Inspekta alichukua ufagio uliosimama pembeni, akampa.

"Basi usiseme. Lala chini unionyeshe. Huu ufagio ni bunduki yako. Anza ulipopewa kibao, usiruke kitu hata kama ni cha kijinga."

Msichana alisita, kisha akalala kwa tumbo sakafuni, na hapo hapo akawa mtu mwingine. Mabega yalishuka. Alitoa risasi ya hewa kwenye tundu la kwanza, akaiingiza, akafunga bolti ya hewa, akapumua, akabana kidole. Akafungua, akatoa ganda, akalirudisha. Ya pili. Ya tatu. Mama yake alimtazama kana kwamba hajawahi kumwona mtoto huyu. Ya nne aliingiza, akapumua, akabana, na akatulia. Hakufungua bolti. Mkono wa kushoto ulipanda juu taratibu ukasimama hewani, na midomo yake ikaanza kucheza bila sauti.

"Mbona umeinua mkono?" aliuliza Inspekta.

Msichana aliutazama mkono wake kama wa jirani.

"Iligoma," alisema.

"Nini iligoma?"

"Ya nne. Nilibana ikasema tik, haikulia. Risasi kama hiyo inaitwa mkaidi. Huifungui. Unaacha mtutu utazame mbele, unainua mkono, unahesabu mpaka thelathini, maana inaweza kulia imechelewa. Halafu mkufunzi anakuja."

"Nani alikuja?"

"Mkufunzi Mkuu. Aliitoa, akasema, endelea na ya tano. Nikapiga ya tano."

"Na tundu la nne?"

"Lilikuwa tupu. Nilimwonyesha. Akaenda ghalani akarudi, na nilipotazama tena lilikuwa na ganda."

"Alikuwa wapi huyo mkaidi?"

"Alimtia kwenye mfuko wa shati."

"Kisha ukachomeka kibendera?"

"Nilichomeka. Nikafunga viatu, nikavuka mstari, nikageuka." Sauti ilianza kumtoka vipande vipande. "Nilimwambia haya yote, Afande. Alisema mkaidi hahusiani. Alisema kibao kimerudi kimejaa, na kibao hakidanganyi. Alisema labda nilichomeka nikakitoa bila kujua. Nimewaza siku mbili. Sasa sijui kama nilikitoa."

"Kwa nini ulisaini?"

Aliyejibu alikuwa mama. "Mimi ndiye niliyemwambia asaini." Alivuta ncha mbili za futi yake, akazishika kwa nguvu. "Mkufunzi alisema akikiri ataombewa, pengine atafukuzwa tu. Akikataa, ni shule ya marekebisho. Nikaona, kufukuzwa makadeti si kufa. Nikamwambia saini twende nyumbani. Sikumwuliza hata kama ni kweli, dada yangu. Nilimwambia saini."

Inspekta hakumwambia pole. Alimwambia, "Saa sita kasoro dakika tano muwe mlangoni kwa kamati. Wote wawili," akatoka mbio.

Saa tano na robo. Aliyamwaga maganda matano ya kibao kwenye karatasi nyeupe, moja moja kwa kibano, akaandika namba ya tundu chini ya kila moja. Kisha akashusha kioo cha kukuzia.

La kwanza, la pili, la tatu na la tano yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Yaling'aa, na kila moja lilikuwa na kidonda kimoja ukingoni, pale pini ya bunduki ilipogonga. La nne lilikuwa mtoto wa kambo. Rangi yake ilikuwa imefifia, na ndani ya mdomo wake palikuwa na chembe ya kutu, wakati shaba haishiki kutu. Kutu hiyo ilitoka kwenye kitu kingine lilichokuwa limelalia.

Akalichukua la sita, lile la kwenye bunduki. Aliligeuza. Akaligeuza tena, akavuta pumzi kwa pua.

Lilikuwa na vidonda viwili. Kimoja upande huu wa ukingo, kingine karibu upande wa pili. Risasi inayolia mara ya kwanza haigongwi tena. Hii iligongwa ikakataa, ikatolewa, ikarudishwa imegeuka kidogo, ikagongwa mahali papya, na safari hii ikasikia. Hakuna aliyeiba kitu. La sita lilikuwa ndilo la nne. Mgeni alikuwa yule wa kwenye kibao.

Alifungua mlango wa ghala. Koplo alikuwa amesimama pale pale nje, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

"Ingia. Ganda likipotelea majanini mnafanyaje?"

"Tunalitafuta."

"Lisipoonekana?"

Koplo alijibu kwa macho. Yalikwenda kwenye rafu ya juu, nyuma ya makopo ya mafuta. Inspekta alivuta kiti, akapanda, akashusha mkebe wa zamani wa biskuti. Ulilia chakacha kabla haujafunguliwa. Ndani palikuwa na maganda mia mbili, labda zaidi, yamefifia, na chini ya mkebe kutu ilikuwa imekula bati.

"Tunauita mkebe wa subira," alisema Koplo, akitazama viatu vyake. "Ganda moja likipotea, sheria inasema uwanja ufungwe mpaka lipatikane, na ripoti nne ziandikwe. Watoto wana basi la saa saba, Afande. Majani yenyewe haya. Tunachukua moja humu, tunajaza tundu, watoto wanaenda nyumbani. Hatukuwahi kuficha risasi. Ni maganda tu."

"Kwa hiyo kibao kinachorudi kimejaa hakinielezi kitu. Miaka ishirini na miwili."

"Sijui miaka yote hiyo. Mimi nimeukuta."

"Sasa vua hicho ulichovaa shingoni."

Koplo alifungua kifungo. Mwisho wa uzi mweusi palining'inia kipenga cha chuma, kimesuguliwa mpaka maandishi yamefutika.

"Ni chake," alisema. "Hakuna mwingine anayeruhusiwa kukipuliza. Lakini mtihani wangu ni mwezi ujao, akanihurumia. Jumamosi baada ya zamu ya pili alinivika, akaniambia, zamu ya tatu uwanja ni wako. Haikuandikwa popote. Nimekaa nacho tangu siku hiyo. Sikujua nikirudishe vipi."

"Ulipopuliza mara mbili, ulikagua nini kwanza?"

"Makadeti wote nyuma ya mstari, migongo. Vibendera sita kwenye chemba sita. Nilivihesabu kwa kidole, Afande. Sita."

"Na cha nafasi ya nne kilikuwemo?"

"Kilikuwemo."

"Na Kanuni, yeye alikuwa wapi?"

"Mahali fulani kwenye mstari. Bado amevaa vizibo vya masikio. Huvivua wa mwisho siku zote."

"Hukumkagua."

Koplo alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hakulikagua jua. "Afande, unamkaguaje Kanuni?"

Kamati ilikaa katika chumba chenye meza ndefu na viti visivyolingana. Kamanda wa makadeti, mwanamke mwenye mvi na miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alikuwa katikati. Msichana na mama yake walisimama ukutani. Kanuni alikuwa amekaa mwisho wa meza, kofia gotini.

"Inspekta, tuna karatasi ya kukiri," alisema Kamanda. "Nadhani tutamaliza haraka."

"Tutamaliza haraka, mheshimiwa. Nina swali moja kwa Mkufunzi Mkuu. Sheria ya kumi na moja. Jumamosi makadeti wote waliitamka?"

"Wote," alisema Kanuni. "Baada ya gari la wagonjwa kuondoka. Niliwasimamia mwenyewe."

"Inasema kadeti na mkufunzi. Wewe uliitamka?"

"Palikuwa na vurugu."

"Sasa hakuna."

Kamanda alivaa miwani yake. Kanuni alitazama huku na huku, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja, kama mtu mzima anayeombwa acheze mchezo wa watoto. Kisha akasimama, maana hakuwahi kukataa sheria mbele ya watu. Aligeuza mifuko ya suruali nje. Akageuza na ule wa shati. Akanyoosha viganja.

"Sina risasi," alisema.

Macho yake yalikuwa yamefika ukutani, kwa msichana. Viganja vilibaki vimenyooshwa. Nje kamba iligonga chuma mara nne, tano. Mkono wake wa kulia uliondoka peke yake, ukapanda kifuani kutafuta kipenga, ukapapasa shati tupu.

"Hukuwa nacho," alisema Inspekta polepole. "Ulimpa Koplo."

"Hakuna anayetoka mpaka nipulize," alisema Kanuni. Hakuwa akimwambia mtu yeyote. "Sikuwa nimepuliza. Nilijua Gundi yuko ndani, kwa sababu sikuwa nimepuliza." Alishusha mikono. "Ripoti ya mkaidi inafunga uwanja wiki mbili, na mashindano ni Jumamosi hii. Nilitaka kuigonga tena tu, iishe, niwe na ganda badala ya risasi. Nilipiga goti, nikatoa kibendera, macho yangu yakawa kwenye bolti. Ilipolia ndipo nikatazama mbele."

"Na ulipotazama nyuma?" aliuliza Kamanda. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Migongo," alisema Kanuni. "Wote walikuwa wamegeuza migongo."

Alikaa, ingawa hakuna aliyemwambia akae. Mama wa Sindano alikuwa ameivua futi shingoni na kuizungusha kwenye ngumi mpaka vidole vikawa vyeupe. Alifungua mdomo, lakini binti yake alimtangulia.

"Mimi niliinua mkono," alisema msichana. Hakupaza sauti. "Kama ulivyonifundisha."

Kanuni alitazama kofia yake. "Uliinua," alisema. "Nilikuwa na risasi moja mfukoni."

Inspekta alisogeza karatasi ya kukiri mbele ya Kamanda, akaweka kibao juu yake. Maganda manne yaliyong'aa alikuwa ameyarudisha kila moja mahali pake. Lile lenye kutu lilikuwa ndani ya bahasha yake, na lile lenye vidonda viwili ndani ya nyingine. Kamanda alivuta kibao karibu, akakihesabu kwa ncha ya kalamu, kama walivyohesabu hapo miaka yote. Moja, mbili, tatu. Kalamu ikaingia kwenye tundu la nne, ikagota kwenye mbao.